Nani Amekula Senene wa Padre?

Jumanne, 16 Desemba

Novena ya Noeli imeanza leo. Mpango wangu nao umeanza leo. Siku tisa za sala, siku tisa za hadithi, na siku ya tisa Laurensia atainamisha kichwa mbele ya Jumuiya nzima ya Mtakatifu Monika. Basi!

Niandike mambo yalivyo, nisije nikasingiziwa baadaye. Mimi, Therese Kobugabe, mke wa Kamugisha, mama yake Adela, nimekuwa katibu wa jumuiya hii ya Bugomora miaka kumi na mmoja. Septemba niligombea uenyekiti. Laurensia akanishinda kwa kura tatu. Tatu! Mwanamke aliyezaliwa Kanoni, wilaya nyingine kabisa, akaja hapa kwa kuolewa. Na tangu siku hiyo ananiita "dada yangu", ilhali amenizidi miezi saba.

Sasa, silaha yangu. Juni nilikaa wiki tatu Bukoba kwa Adela nikitibiwa goti. Adela kazini, mimi na televisheni. Ndipo nikazigundua zile filamu za Noeli zenye upelelezi, zilizotiwa sauti za Kiswahili. Nilitazama kumi na saba. Zote ni moja! Mji mdogo. Baridi. Sikukuu inakaribia. Kitu kinapotea, au tajiri asiyependwa na mtu anakutwa amekufa kwa adabu, bila damu. Kila mtu anashukiwa. Mwanamke wa makamo mwenye akili, ambaye watu hawamthamini (nilimwelewa sana), anauliza maswali huku akioka keki. Siku ya sikukuu mwizi anatajwa, anatubu, anakatiwa kipande. Hakuna anayelala na njaa wala na kinyongo. Goti lilipona wiki ya pili. Nikasema bado linauma.

Nimeandika ya kwetu. Daftari kubwa, limejaa. Mji unaitwa Rugomora, mji wa kubuni kabisa. Theluji hatuna, nimeweka ukungu na matope. Badala ya tajiri kufa, ndoo ya senene wa padre, wale panzi wetu watamu, waliokwisha kukaangwa kwa ajili ya Noeli, imetoweka jikoni parokiani. Nani amekula? Siku ya kwanza anaingia mjini mgeni mwenye gunia, Baltazari, kibarua na mchunaji wa ng'ombe. Siku ya tisa anatajwa mwizi wa kweli: Florensia, mwenyekiti wa jumuiya. Atakayeona jina hilo linamgusa, shauri yake.

Katekista Theoneste alipinga. Akasema novena ni sala. Nikamwambia baada ya sala watu hubaki wakitafuna punje za kahawa na kuwasengenya majirani. Afadhali wawasengenye watu ambao hawapo duniani. Akafikiri. Laurensia akadakia kwamba niachwe nisome, dada yake nina kipaji. Yaani ruhusa nimepewa na yeye! Nimemeza.

Waliosikiliza: kumi na mmoja, pamoja na mama mmoja aliyesinzia.

Jumatano, 17 Desemba

Kumi na tisa! Na mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli.

Zamu ilikuwa nyumbani kwa Apolinary, mwalimu wa kwaya. Sehemu ya pili iliishia kwenye alama ya kiatu kikubwa matopeni, chini ya dirisha la jiko la padre. Nikafunga daftari. Kelele! Apolinary akataka kujua kiatu cha nani. Nikasema kesho. Akasema hatafika kesho, roho itamtoka. Nikamwambia avumilie, maana misa ya Noeli haina mwimbishaji mwingine. Baadaye akanivuta pembeni akaniomba nimwingize kwenye hadithi, awe mshukiwa, lakini mshukiwa mwenye sauti nzuri.

Laurensia alikaa mbele kabisa, mdomo wazi, kahawa mkononi hajatafuna hata punje. Asikilize tu. Siku zake zinahesabika.

Njiani Kamugisha akaniuliza kwa nini watu wanahangaika hivi, na kilichopotea ni senene tu. Mume wangu ni mtu wa ng'ombe, mambo haya humfikia polepole. Nikamwambia ni kwa sababu ni senene. Angekufa mtu, watu wangeogopa kwenda kulala. Wakipotea senene, mtu anaweza kuogopa kidogo huku amefurahi. Akasema hajawahi kuona woga wa namna hiyo. Nikamwambia atazame uso wa Apolinary.

Ijumaa, 19 Desemba

Thelathini na wanne. Wengine wametoka jumuiya ya jirani, wakidai eti wamepotea njia.

Tangu asubuhi mlango wangu haukufungwa. Mama mmoja kaleta mkungu wa ndizi, akasema tu alikuwa anapita. Akazunguka, akazunguka, mwisho akatoa: yule mke wa mwenye duka katika hadithi, yule anayepima sukari kwa kidole ndani ya mizani, asije akawa mwizi. Nikamuuliza anamhusu nini. Akasema hamhusu kitu, ila anamwonea huruma. Akafuata mwenye duka mwenyewe, na maharage. Akafuata Theoneste, mikono mitupu kwa sababu ya wadhifa wake, akasema anatumaini katekista wa Rugomora ni mtu wa heshima. Ndizi na maharage nimepokea. Hiyo si rushwa, ni pongezi.

Jambo moja niliandike, limenikaa. Mzee Karekezi, yule mfugaji wa kule kwenye mbuga, hajakanyaga jumuiya tangu masika. Leo ni siku yake ya tatu mfululizo. Nikamwamkia, nikamuuliza nini kimemleta. Akaegemea fimbo yake.

"Mama Adela, mimi ng'ombe wangu watatu walipotea mwaka wa tisini na nane. Nimeuliza kila mtu. Wengine wamekufa nikiwa bado nawauliza. Mpaka leo sijaambiwa. Lakini hawa senene, tarehe ishirini na nne nitaambiwa."

Nikamwongezea kahawa.

Jioni kila mtu alipiga kelele kwamba mwizi ni Baltazari, yule mgeni mwenye gunia. Nikacheka moyoni. Aliyetazama filamu kumi na saba anajua: mgeni anayeingia siku ya kwanza huwa hana kosa kamwe! Anawekwa pale ili wajinga wamnyooshee vidole. Huo ndio utamu wenyewe. Acha wanyooshe.

Kamugisha anasema Baltazari anafanana na Nsanzimana. Nsanzimana ni kibarua, anatupalilia kahawa sisi sote. Wazazi wake walitoka Rwanda, yeye amezaliwa hapa hapa Bugomora. Na kila Noeli ndiye anayechuna ng'ombe wa jumuiya. Nikamweleza Kamugisha kwamba Baltazari anabeba gunia, Nsanzimana anabeba jembe. Akaenda kutazama ng'ombe wake. Aende.

Jumamosi, 20 Desemba

Asubuhi kaja Uwamahoro, mke wa Nsanzimana, na binti yao Tuyizere. Akaniamkia shikamoo kwa magoti yote mawili, nikajua kuna jambo. Nikawakaribisha chai. Hakunywa.

Akasema watoto wa njiani wanamwita Tuyizere "mtoto wa Baltazari". Akipita wanaficha mifuko yao. Jana dukani, mwenye duka aliingiza ndani ndoo ya mafuta alipomwona Nsanzimana anakuja. Alikuwa anacheka, ndiyo. Lakini aliiingiza.

"Mama, wewe ndiye mwenye hadithi," akasema. "Huyo Baltazari ameiba, au hajaiba?"

Nikamweleza kwa upole kwamba mambo haya yana utaratibu wake. Mwizi hutajwa siku ya tisa. Leo ni siku ya tano. Akitajwa leo, siku nne zote zinakuwa uji bila sukari.

Akauliza kama siwezi kumnong'oneza yeye peke yake, akamwambie mumewe. Nikasema mwandishi hanong'oni. (Maneno mazuri. Nimeyaandika hapa ili yasipotee.) Akainuka, akamshika mtoto mkono, akasema asante kwa chai. Kikombe kilikuwa kimejaa.

Kamugisha alikuwa mlangoni, akachukua fimbo akaenda kwa ng'ombe bila kuniaga. Na yeye! Kwani nimemwibia mtu? Mimi nimeandika hadithi. Kama watu hawajui kusikiliza hadithi, wa kulaumiwa ni wao.

Jioni watu arobaini na mmoja. Nsanzimana hakuja.

Jumapili, 21 Desemba

Nimepata hasira mpaka goti limerudi kuuma, safari hii kweli.

Baada ya misa Theoneste akasoma majina ya kazi za Noeli. Kupamba kanisa, fulani. Kuni, fulani. Kuchuna ng'ombe: kijana mmoja kutoka kitongoji cha pili, ambaye nimeona kwa macho yangu akishindwa kuchuna sungura! Nsanzimana kaondolewa. Mwaka wa kumi na mbili huu angechuna. Ngozi yake haina tundu hata moja. Na mchunaji ndiye hupewa kichwa na makongoro. Hiyo ndiyo Noeli ya nyumba yake.

Nikasimama. Nikauliza kwa sauti kosa lake ni nini. Theoneste akatazama viatu vyake. Akasema hakuna kosa, ni kubadilisha tu. Mama mmoja nyuma akasema ng'ombe ana nyama nyingi, na mtu anayechuna anabaki peke yake na nyama. Nikapiga kelele kwamba ile ni hadithi tu! Wakaniambia wanajua ni hadithi tu. Wakasema, lakini hata hivyo.

Hata hivyo nini?

Laurensia alikuwa ameenda kijiji cha Igurwa kumwona mgonjwa, hakuwapo. Na sikutaka awepo. Mambo yangu nayamaliza mwenyewe.

Nimetengeneza mpango. Sehemu ya sita nimeingiza mgeni wa pili, mpiga picha mwenye kucha ndefu na kofia iliyofunika jicho, ambaye midomo yake inang'aa mafuta. Mafuta ya senene! Mtoto mchanga angejua ni yeye. Nikasoma taratibu, nikarudia midomo mara mbili. Apolinary akapiga paja lake akasema sasa ameelewa yote: huyo ni mshirika wa Baltazari!

Wote wakakubali. Walifurahi sana.

Jumatatu, 22 Desemba

Asubuhi mapema kaja Laurensia. Kakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa. Kaniuliza hali ya goti. Kisha akasema anajua mwizi ni nani tangu Ijumaa.

Nikamwambia aseme. Akasema ni Florensia, yule mwenyekiti. Nikauliza, kwa kujikaza, amejuaje. Akasema watu wote wa Rugomora wanauliza ndoo iko wapi. Florensia peke yake anauliza padre atakula nini.

Nilikuwa sijaliona hilo mimi mwenyewe! Nikamwambia nililiweka makusudi.

"Na Florensia ni mimi," akasema.

Nikasubiri machozi. Nilikuwa nimeyasubiri tangu Septemba. Laurensia akatabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema amefurahi mno. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kukaa chini na kalamu akamfikiria yeye. Jana alimsimulia mumewe, wakacheka mpaka mume akakohoa. Akauliza tu kama Florensia anaweza kuwa mwembamba kidogo.

Hiyo ndiyo aibu niliyompikia miezi mitatu! Anaila kama halua!

Kisha uso wake ukabadilika. Akasema wiki hii Nsanzimana hajaitwa kwenye shamba la mtu yeyote. Hakuna aliyemkatalia, hawamwiti tu. Kesho zamu ya novena ni nyumbani kwake. Akaniomba nimtaje Florensia leo jioni, yaishe.

Nikasema hapana.

Akasema, "Dada yangu, mimi ndiye ninayetajwa, na nimekubali."

Hapo ndipo aliponiudhi kabisa. Hadithi yangu, mwizi wangu, na yeye anakubali kwa niaba yangu! Nikamwambia uenyekiti wake unaishia kwenye sala. Siku ya saba ni siku ya saba, ya tisa ni ya tisa. Leo nitamsafisha Baltazari kwa njia yangu.

Nimemsafisha. Sehemu ya saba nikaeleza kwamba saa ile ndoo inatoweka Baltazari alikuwa kanisani akipiga ngoma ya kwaya, mbele ya mashahidi arobaini. Arobaini! Nikawataja kumi na mmoja kwa majina. Mwenye duka akainua mkono akauliza mashahidi hao wamelipwa na nani.

Watu hamsini na wawili. Mafanikio haya sijui niyapeleke wapi.

Jumanne, 23 Desemba

Mambo mawili yametokea leo, moja kubwa na moja baya. Nianze na kubwa.

Tulikwenda kwa Nsanzimana, mimi na Kamugisha. Uwanja umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Ndani wametandika nyasi mbichi sakafuni, kama inavyotakiwa Noeli. Mabenchi wameazima, nikayahesabu: ya watu sitini. Dumu la juisi ya ndizi, vikombe vimepangwa. Uwamahoro amevaa kitenge chake cha harusi.

Waliokuja: saba.

Wengine walikuwa barabarani. Nilikuwa nawaona, thelathini au arobaini, wamesimama na miavuli, wakisema wanangoja mvua ipite. Mvua haikuwapo! Jua lilikuwa linawaka!

Theoneste akaongoza sala. Sauti za watu saba kati ya mabenchi matupu. Nsanzimana alisali amesimama, mgongo wima, macho kwenye ukuta. Sala ikaisha, zamu yangu ikafika. Tuyizere alikuwa chini ya meza. Nilipofungua daftari akaziba masikio.

Nikafungua ukurasa wa siku ya nane. Nikafungua wa siku ya tisa. Nikarudi wa nane. Sijui nilikuwa nataka kufanya nini, na sasa sitajua kamwe, kwa sababu Laurensia akasimama.

Akaenda mpaka mlangoni, mahali ambapo barabarani wanamwona. Na ile sauti yake ya kuitisha maandamano.

"Jamani, nimechoka kujificha! Florensia ni mimi! Senene wa padre nimekula mimi!"

Barabarani miavuli ikashuka.

Akaendelea. Eti alianza na mmoja tu, kuonja chumvi. Kisha wa pili, kuhakikisha wa kwanza. Alipofika katikati ya ndoo akaona aibu kurudisha ndoo nusu, akamaliza. Eti ile alama ya kiatu kikubwa ni mabuti ya mvua ya mumewe, aliyavaa makusudi ili asingiziwe mwanamume. Mabuti sikuyaandika mimi! Na ni mazuri kuliko yangu! Eti tumbo lilimuuma siku mbili, na kila alipomwona Baltazari anasemwa liliuma zaidi, kwa sababu yule mtu hajamgusa senene hata mmoja. Alikuja mjini kufanya kazi, akaifanya.

Mzee Karekezi akanyanyuka na fimbo yake, akatoka uwanjani, akawapigia kelele waingie, mwizi amejitaja mwenyewe. Wakaingia wanakimbia. Vicheko! Apolinary alianguka kutoka kwenye benchi. Laurensia akapigishwa magoti, akatubu kwa niaba ya Florensia, akapakwa masizi ya chungu kwenye pua. Mabenchi yakajaa, wengine wakakaa kwenye nyasi.

Kelele zilipotulia, Nsanzimana akazungumza. Hakupandisha sauti.

"Hadithi ni nzuri. Lakini mimi jina langu ni Nsanzimana."

Mwenye duka alitazama ndani ya kofia yake kama vile kuna kitu amekisahau humo. Theoneste akasimama, akasema kama katekista alipaswa kuwa wa mwisho kufanya alichokifanya, na amekuwa wa kwanza. Akatoa orodha mfukoni, akafuta jina, akaandika jina. Akamuuliza Nsanzimana kama atakubali. Nsanzimana akasema kisu kiko tayari, na juisi inapata joto, watu wanywe. Uwamahoro akaanza kumimina. Alipofika kwangu alijaza kikombe mpaka ukingoni, akanitazama mpaka nikanywa chote.

Tuyizere alitoka chini ya meza. Nimefurahi. Naandika wazi: nimefurahi.

Sasa jambo baya. LAURENSIA AMENIIBIA MWISHO WANGU! Siku ya nane! Kasimama hapo, kasema kila kitu, kaongeza mabuti, na watu wanampenda kuliko Septemba! Mimi nimebaki na kurasa kumi na mbili za siku ya tisa ambazo hazina kazi hata ya kuwashia moto, maana karatasi ni nzito.

Hapana. Sikubali. Naanza kuandika upya sasa hivi.

Jumatano, 24 Desemba

Nimeandika upya. Florensia hana hatia! Alijitaja kwa uongo ili kumkinga mtu mwingine. Nimeona hivyo katika filamu nne. Nikatafuta huyo mtu mwingine. Mke wa mwenye duka alishaleta ndizi. Mwenye duka maharage. Katekista amejirudi, si vizuri. Mwimbishaji anataka mwenyewe, kwa hiyo hapati. Baltazari, Mungu aniepushe. Rugomora nzima nikabakiwa na mtu mmoja ambaye hakuna aliyemwombea kwangu.

Padre.

Padre amekula senene wake mwenyewe! Kwa mapenzi tu ya senene, kisha akaona haya kwa kukosa cha kuwapa wageni. Safi kabisa. Hakuna ambaye angeotea.

Sala ya mwisho ilikuwa saa nne asubuhi uwanjani kwa Laurensia. Watu zaidi ya themanini. Na Paroko! Kumbe Laurensia alimwalika aje kufunga novena, na hakuniambia. Kakaa kwenye kiti chenye mito, mbele yangu, hatua mbili. Ningeweza kuacha. Mtu mwingine angeacha. Mimi nikasoma.

Nilipofika kwenye neno "padre" watu wote waligeuka kumtazama. Paroko hakusogea. Akaniuliza polepole, huyo padre aliwala na ndizi au bila ndizi. Nikasema bila ndizi. Akatikisa kichwa, akasema basi hiyo ni dhambi. Vicheko. Nikajua nimeshinda.

Sikuwa nimeshinda. Paroko akaongeza kwamba mtu hawezi kujiibia kitu chake mwenyewe. Theoneste akakubali. Mwenye duka akasema basi hakuna wizi, na kama hakuna wizi tumetembea matopeni siku tisa kwa ajili gani. Manung'uniko yakaanza. Mzee Karekezi akasema ameahidiwa mwizi, na jana alipewa mwizi mzuri, leo ananyang'anywa.

Nikasema mwandishi ni mimi. Nikalipiga daftari kwa kiganja. Apolinary akapendekeza tupige kura.

Kura! Juu ya hadithi yangu! Na aliyesimamia, kama mwenyekiti, ni Laurensia. Akanitetea kwanza, akasema dada yake nimetumia akili nyingi. Kisha: wanaosema ni padre? Mikono mitatu, mmoja wa Kamugisha, ameuinua nusu. Wanaosema ni Florensia? Sikuhesabu. Hata Paroko aliinua. Hata Uwamahoro. Mzee Karekezi aliinua fimbo.

Mzee huyo akapita kuniaga, ameridhika. Nikamuuliza ameridhika na nini, na mwisho wenyewe umeamuliwa na kelele. Akasema ameambiwa. Mengine hayamsumbui.

Nimeandika kwenye kumbukumbu za jumuiya kwamba kura hiyo haitambuliki. Katibu ni mimi.

Ijumaa, 26 Desemba

Noeli imepita. Misa nzuri, isipokuwa Apolinary alivuta wimbo wa kutolea sadaka mpaka watu wakakaa. Ng'ombe alichunwa, ngozi imetoka nzima, bila tundu, Nsanzimana akaitandaza juani watu waione, kisha akaondoka na kichwa na makongoro. Alinipita, akanisalimia kwa heshima, hakusimama kuzungumza. Nimeona. Nimewapelekea robo ya ndizi za pongezi. Uwamahoro alizipokea.

Paroko ameletewa senene vikopo saba, kila mtu akiapa si yeye aliyevileta.

Mchana akaja Laurensia. Akasema watu wanauliza kuhusu Pasaka. Akapendekeza tuandike pamoja, yeye ana mawazo, na tukae kwanza tufikirie nani anaweza kuumia. Nikamshukuru. Nikamwambia mtu aliyeharibu siku ya nane ya mwenzake hawezi kupewa kalamu, na kwamba siku zile tisa nimejifunza yote yanayohitajika: kosa langu lilikuwa kuacha mwizi atajwe mapema mno. Akanitazama kidogo, akasema haya, dada yangu.

Ukweli ni kwamba nimeshaanza. Mshumaa wa Pasaka umepotea Rugomora. Mwizi atakuwa Florensia tena, mnene zaidi, na safari hii hatapenda! Siku ya kwanza anaingia mjini mgeni wa kushukiwa, fundi baiskeli anayechechemea. Nimemsomea Kamugisha ukurasa wa kwanza. Akaweka kikombe chini. Akasema Bugomora yote ina fundi baiskeli mmoja, Projestus, naye anachechemea.

Mume wangu hatajifunza kusikiliza hadithi. Fundi wangu anachechemea mguu wa kulia. Projestus ni wa kushoto.